Fulgence Hataki Kutoka Pichani

Katika kioo cha kwanza cha picha kulikuwa na mkono uliozidi.

Delorge, mpiga picha, alitoka nacho kwenye chumba kidogo cha kuwekea makaa, alichokuwa amekiziba kwa mablanketi ili kiwe na giza la kutosha kwa kazi yake. Kioo kilikuwa bado kinachuruzika maji. Alikishika mbele ya koti lake jeusi, kama wafanyavyo wapiga picha ili sura ionekane sawasawa, akakiinamisha huku, akakiinamisha kule. Kisha akauliza bila kumwangalia mtu:

"Nani aliingia?"

"Hajaingia mtu," alisema Apolline. Muda wote alikuwa amesimama karibu na jiko, ameambiwa asitembee wala asikohoe. "Mlango nimeufunga mwenyewe."

Mumewe, Hilaire Soubeyran, alikuwa bado kitini na brashi yake mkononi, shingo imeshikwa kwa nyuma na kile chuma cha kumzuia mtu asitikisike.

"Vipi, nimefumba macho?" aliuliza.

"Hapana, Bwana Soubeyran. Umetoka vizuri. Mwanga tu umeingia vibaya."

Lakini Apolline alikuwa amekwisha kuona. Juu ya mgongo wa kiti, nyuma ya bega la mumewe, kulikuwa na mkono wa mwanamume, umeegemezwa pale kama mtu anavyoegemea kiti cha rafiki yake. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kwenda nje. Apolline alikijua kidole kile. Kilivunjwa na mlango wa studio ile ile miaka sita nyuma, na yeye ndiye aliyekifunga kitambaa. Mwenye kidole walikuwa wamemzika Februari, na sasa ilikuwa Aprili.

Aliitwa Fulgence Ratier. Yeye na Hilaire walitumia studio moja kwa miaka tisa, juu kabisa ghorofa ya tano, mtaa wa Batignolles, chumba kipana chenye dirisha kubwa la kaskazini na jiko moja. Fulgence ndiye aliyekipata chumba kile, na alimzidi Hilaire miaka saba. Hilaire alifika Paris akitokea shamba, mkoa wa Auvergne, na mfuko mmoja na viatu vya mbao, Fulgence akampa nusu ya dirisha. Apolline alikuja baadaye, kwanza kukaa achorwe, kisha kusaga rangi, mwishowe akaolewa na Hilaire. Siku ya arusi Fulgence alicheza dansi kumshinda bwana arusi.

Mambo yaliharibika mwaka 1859, picha ya Hilaire ya wanawake wanaofua sufu mtoni ilipokubaliwa kwenye maonyesho makubwa na kutundikwa usawa wa macho. Ya Fulgence ilirudishwa ikiwa na chapa ya kukataliwa nyuma yake.

"Hongera," Fulgence alimwambia mwenzake jioni ile, huku akimmiminia mvinyo. "Nasikia wameipenda sana fremu."

Wakacheka wote watatu. Lakini tangu siku hiyo, kila mgeni aliyepanda ngazi zile, Fulgence alikuwa anamtazama miguu kwanza, aone itaelekea upande gani wa chumba. Septemba jalada lake la michoro ya mkaa likapotea, na hakuliona tena.

Novemba ndipo Delorge alipokuja mara ya kwanza. Mchapishaji mmoja alikuwa anatengeneza albamu ya wachoraji kumi na wawili wa wakati ule, kila mmoja ndani ya studio yake, na Hilaire alikuwa mmoja wao. Fulgence alinyoa ndevu, akavaa kizibao chake cha hariri ya kijani, akaja akasimama nyuma ya kiti cha rafiki yake na mkono juu ya mgongo wa kiti. Delorge akatoa kichwa nje ya kitambaa cheusi cha kamera.

"Samahani, bwana. Nitakuomba usogee. Nimetumwa kwa Bwana Soubeyran peke yake."

"Hata pembeni kidogo?" aliuliza Fulgence, akitabasamu. "Mimi ni mwembamba, sitakula nafasi."

"Samahani sana."

Fulgence akamtazama Hilaire. Hilaire akaitazama kamera.

"Haya, basi nikapunge hewa," alisema Fulgence. Akashuka ngazi zote bila koti, akakaa uani saa mbili nzima kwenye ukungu. Picha zenyewe siku hiyo ziliharibika kwa sababu mwanga ulikuwa hafifu. Kufika Krismasi Fulgence alikuwa anakohoa. Akaanza kuvuta zile sigara za kafuri ambazo nusu ya Paris ilikuwa inazivuta kama dawa ya kifua, mpaka mapazia, mkate na nywele za Apolline vikanuka kafuri.

Siku mbili kabla ya kufa alimwita Apolline kitandani kwake.

"Siku ile ya picha," alisema kwa sauti ndogo, "nilipendeza?"

"Ulipendeza sana."

"Hilaire hakusema neno."

"Hakusikia, Fulgence. Alikuwa amebanwa na lile lichuma."

"Alisikia. Masikio yake yaliwaka." Akapumzika kidogo. "Mwambie nafasi ile bado naitaka."

Apolline hakumwambia Hilaire. Aliona ni maneno ya homa.

Sasa Delorge alikuwa ameweka kioo kipya ndani ya kamera. "Turudie," alisema. Akatoa kifuniko cha lenzi na kuanza kuhesabu kwa midomo mpaka ishirini. Alipofika saba au nane, harufu ikamfikia Apolline. Kafuri. Haikuja kidogo kidogo kama harufu ya kitu kilichosahauliwa kabatini. Ilikuja na joto, kama pumzi ya mtu aliyekuinamia akuulize jambo. Apolline akaubana mkono mdomoni, kwa sababu hata katika hofu ile alikumbuka kwamba asiharibu picha ya mumewe.

Delorge alikaa muda mrefu ndani ya chumba cha makaa. Alipotoka, hakumwonyesha Hilaire kioo. Alimwonyesha Apolline, kando, karibu na mlango.

Nyuma ya kiti sasa kulikuwa na mkono mzima, bega, kizibao chenye mng'ao wa hariri, na nusu ya uso wenye tabasamu la adabu. Kila kifungo kilionekana. Hilaire kitini alikuwa na mabega na mikono, lakini usoni kulikuwa na ukungu mtupu, kama mtu aliyefutwa kwa kidole gumba.

"Yule bwana mwembamba," alinong'ona Delorge. "Si nilisikia amefariki?"

"Amefariki."

"Bibi, mimi nina watoto. Sitasema nilichokiona, nawe usiniulize. Hivi vioo vibaki kwenu."

Hilaire alipovitazama, alisema Delorge ametumia vioo vya zamani ambavyo havikusafishwa vizuri, na sura ya Novemba imebaki humo. Alisema hivyo akinywa supu yake ya kabichi, na alisema tena walipomalizia chakula kwa jibini. Apolline akamjibu kwamba Novemba Fulgence hakupigwa picha.

"Basi huyo Delorge ni mlevi," alisema Hilaire. "Nipe mkate."

Asubuhi iliyofuata alikuta mtu amesahihisha picha yake.

Alikuwa anachora turubai jipya, mchungaji mwanamke amekaa juu ya jiwe, na shingo ya mwanamke huyo ilikuwa inamsumbua kwa wiki tatu. Sasa mstari mmoja wa mkaa ulikuwa umepita juu ya rangi, kutoka sikioni hadi begani, mstari mmoja tu bila kusitasita, na shingo ilikuwa imekaa sawa. Mwanamke alikuwa hai.

"Wewe umefanya hivi?" aliuliza.

"Mimi nasaga rangi, Hilaire. Ningeweza hivyo ungenioa?" Alitaka kumchekesha, lakini mumewe hakucheka.

Hilaire alisimama mbele ya ule mstari mpaka kahawa yake ikapoa. Kisha akachukua kitambaa chenye tapentaini akaufuta, akachora tena shingo yake mwenyewe, ile mbovu.

Kesho yake ulirudi. Safari hii mkono wa mchungaji pia ulikuwa umesahihishwa. Akaufuta. Siku ya tatu walikuwa wote wawili studioni, saa nne asubuhi, jua liko juu ya mapaa, wauza mboga wanaita chini barabarani, na wakausikia mkaa unakwaruza. Sauti kavu, ya haraka, ya mtu anayejua anachofanya. Ilitoka mbele ya turubai, na mbele ya turubai hapakuwa na mtu. Hilaire alipopiga hatua, ilinyamaza. Aliporudi nyuma, ikaendelea.

"Mwambie aache," alinong'ona Hilaire.

"Mwambie wewe. Alikuwa rafiki yako."

"Anataka nini? Picha ikubaliwe kwa mkono wake, halafu watu waseme Soubeyran hajui kuchora?"

Apolline alimtazama mumewe, akashangaa. Alidhani angeona hofu usoni pake. Hofu ilikuwepo, lakini juu yake kulikuwa na kitu kingine, na masikio yake yalikuwa mekundu.

Baada ya hapo watu wakaanza kumpoteza Hilaire. Ilianza kwa mama mlinzi wa lango, aliyemkabidhi barua na kusema, "Hizi za Bwana Soubeyran, utampelekea, Bwana Ratier." Hilaire akamwambia umri unamlemea. Kisha kwenye mkahawa aliokula kwa miaka tisa, mhudumu alimwuliza kama ni mgeni mtaani. Mfanyabiashara wa picha alipanda ghorofa zote tano, akapita mbele yake kama anayepita kando ya kiti, akamwuliza Apolline bwana atarudi saa ngapi. Naye Hilaire alikuwa pale, na brashi mkononi, anasema, "Nipo, bwana, nipo hapa," na yule mtu aligeuka taratibu, akamkodolea macho kama anayemtafuta mtu kwenye moshi.

Jioni ile Hilaire alikaa juu ya kitanda bila kuvua viatu.

"Wewe unaniona?" alimwuliza mkewe.

"Nakuona."

"Nina rangi gani ya macho?"

Apolline alifungua kinywa kujibu. Alimtazama, akayatazama macho yale aliyolala nayo miaka mitano, na kwa muda mfupi tu, kama muda wa kupepesa, hakujua. "Kahawia," alisema.

"Ulifikiri."

"Sikufikiri."

"Ulifikiri, Apolline. Na juzi uliniita kwa jina lake ulipotaka nikuletee ndoo. Nilijifanya sikusikia. Kumbe ulimpenda yeye?"

"Wewe usinitafutie ugomvi," alisema Apolline. "Niliishi na nyinyi wawili kama ndoo kati ya visima viwili. Kila mmoja alikuwa ananiuliza juu ya mwenzake. Leo kachora nini? Nani kaja kumwona? Hivi mlidhani mimi sioni?"

Asubuhi Apolline alishuka kwenda kwa Corentine.

Corentine alikuwa mwanamke wa Brittany aliyekaa nyuma ya kanisa, mfupi, na mikono myeupe kwa sabuni. Kazi yake ilikuwa kuosha maiti za mtaa, na watu walimwendea pia kwa mambo ambayo padri hakupenda kuulizwa. Ndiye aliyemwosha Fulgence. Alimsikiliza Apolline mpaka mwisho huku akimenya viazi.

"Nilimfumba macho mara tatu," alisema. "Mara tatu yakafunguka. Nikajua huyu ana neno na mtu. Mmepiga picha ngapi?"

"Mbili."

"Kila picha ni kiti, mwanangu. Mmempa viti viwili, na kila akikaa, mwenye nyumba anasimama. Akipata cha tatu, mumeo utamtafuta chumbani na taa hutamwona."

"Basi nivunje vile vioo."

"Vunja, lakini ataingia kwa mlango mwingine. Huyo hasukumwi na picha peke yake. Picha ni tusi la siku moja, na mtu harudi kutoka kaburini kwa tusi la siku moja." Aliweka kisu chini. "Kati yake na mumeo kuna kitu. Wewe hukijui. Mumeo anakijua. Mkalishe pale pale, mbele ya kamera, amwite rafiki yake, na akiseme kwa sauti. Chote. Akibakiza kidogo, yule mwingine atakaa."

"Na nikiona anadanganya?"

"Usingoje mpiga picha amalize kuhesabu."

Delorge alikataa mara mbili. Mara ya tatu Apolline alimwambia kwamba asipokuja, yeye mwenyewe atakipeleka kile kioo chenye mkono wa ziada kwa mchapishaji wake, aone kama ataendelea kumpa kazi. Akaja, siku ya Alhamisi katikati ya Juni, saa sita mchana, mbingu nyeupe bila wingu. Alitandaza mablanketi yake, akamwagia kioo dawa yake yenye harufu ya etha, na nyingine ikamwagikia viatuni.

Vioo viwili vya Aprili Apolline alivileta kutoka nyuma ya kabati, akavivunja kwa nyundo ndani ya ndoo ya majivu, mbele ya wote. Hilaire akaketi. Chuma kikamshika shingo. Alikuwa amekonda, na Delorge alipomtazama kupitia kamera alitoka tena chini ya kitambaa, akafuta lenzi, akarudi, akatoka tena.

"Nampata kwa shida," alimnong'oneza Apolline. "Nauona ukuta kupitia yeye."

"Anza kuhesabu."

Kifuniko kikatoka.

"Fulgence," alisema Hilaire, midomo ikitikisika kidogo tu. "Njoo usimame hapa. Ilikuwa yako nafasi hii. Nisamehe sikusema neno siku ile."

Kafuri ikajaa chumba chote. Kiti kikalia, ule mlio wa mbao zinazopokea uzito wa mtu, na Apolline aliona kitambaa cha koti la mumewe begani kikididimia chini ya vidole visivyoonekana, vinne vikiwa sawa na kimoja kikiwa pembeni, na skrubu ya chuma cha shingo ikaanza kuzunguka yenyewe, polepole, ikikaza, huku Delorge akihesabu tano, sita, saba kwa sauti ya mtu anayeomba dua, na uso wa Hilaire ukaanza kuondoka, si kwa kufifia kama zamani bali kwa kupungua, pua kwanza, kisha kidevu, kana kwamba mtu aliyekaa ndani yake alikuwa anavuta uso wake kwa mbele na kuuvaa, na kwenye ile sehemu iliyobaki tupu likaanza kuonekana tabasamu la adabu ambalo Apolline alilijua, la mtu mwembamba ambaye hatakula nafasi.

"Si hilo," Apolline alisema. "Hilaire, si hilo alilokuja kulisikia. Sema lile lingine."

"Hakuna lingine."

"Kumi," alisema Delorge. "Kumi na moja."

"Hilaire, mimi sikuoni tena. Nakuapia sikuoni. Sema."

Basi Hilaire akajing'oa kwenye chuma, kikamchuna ngozi ya shingo, akasimama. Akaanza kutembea chumbani mbele ya kamera iliyokuwa wazi, akizungumza na kile kiti, na maneno yakamtoka kwa mkupuo, bila nukta, kama mtu anayetapika.

"Jalada lako la michoro hukulipoteza," alisema. "Nililificha mimi. Septemba ile alikuja mzee mmoja, ulikuwa umekwenda kununua mkaa, akasema amesikia hapa kuna mtu anachora vizuri kwa mkaa kuliko mtu yeyote Paris, akaniomba nimwonyeshe, nikamwambia huyo ameacha kuchora siku nyingi, anapaka rangi tu na hajui, akashuka zake, nami nikalichukua jalada nikaliweka juu ya boriti nyuma ya fremu tupu, na wewe ukalitafuta wiki sita, Fulgence, ukamlaumu mama wa lango, ukaulaumu ulevi wako, nami nikakusaidia kulitafuta. Nilipiga magoti na mshumaa chini ya kitanda nikilitafuta pamoja nawe. Picha ya wafua sufu, wale wanawake wanne wa mbele, mikono yao niliinakili kutoka kwako, ndiyo maana wameisifu. Tangu siku ya kwanza niliyoingia hapa na viatu vyangu vya mbao nilikuona ukichora paka, mistari mitano, nikajua sitaweza. Miaka tisa nimekula chakula chako nikijua sitaweza. Na huyu bwana alipokuambia usogee, nilifurahi. Si kwamba sikusikia. Nilifurahi mpaka masikio yakaniwaka."

Alikuwa amefika dirishani, ameishika fremu yake kwa mikono miwili. Hakuna aliyejua Delorge aliacha kuhesabu saa ngapi. Alikuwa amesimama na kifuniko mkononi, machozi yanamtoka kwa ile harufu.

Kisha kiti kikalia tena, mara moja, kama mtu anaposimama. Mlango ambao Apolline aliufunga kwa ufunguo ulibaki umefungwa. Lakini wote watatu walisikia hatua kwenye ngazi, za mtu asiye na haraka, ghorofa ya tano, ya nne, ya tatu, mpaka zikaisha.

"Kifuniko," alisema Apolline.

Delorge akaziba lenzi. Aliingia na kioo chumbani mwake, na walisikia maji yakimwagika. Alipotoka alikishika mbele ya koti.

"Hakuna mtu," alisema.

"Hakuna hata mmoja?"

"Hata mmoja. Kiti, jiko, brashi zote, nazihesabu moja moja. Bwana Soubeyran hakutulia mahali, sura yake haikushika kiooni. Pale dirishani tu kuna kitu kama pumzi kwenye kioo."

Apolline alikwenda dirishani, akamgeuza mumewe kwa mabega, akamtazama. Alikuwa na uso. Ulikuwa umevimba kwa kilio, na damu shingoni, na haukuwa mzuri. Macho yalikuwa ya kijivu, yenye doa la kahawia kwenye lile la kushoto, na akashangaa aliwezaje kulisahau doa lile.

Albamu ilichapishwa na wachoraji kumi na mmoja. Hilaire hakuomba apigwe picha tena. Kwenye mkahawa walianza tena kumwita kwa jina, na mama wa lango aliapa hajawahi kumchanganya na mtu. Jalada lilikuwa pale pale juu ya boriti, panya wamekula kona moja. Ndani yake mlikuwa na michoro mia na ishirini na mitatu.

Kumpata yule mzee kuliwachukua majira yote ya joto. Oktoba michoro ilitundikwa katika duka dogo la picha, na jina la Fulgence Ratier likaandikwa kwa herufi kubwa kwenye kioo cha mbele. Watu walikuja. Siku ya pili walikuja wengi zaidi, na siku ya nne walisimama mpaka barabarani, na mwandishi mmoja wa gazeti aliandika kwamba mtu huyu aliishi katikati yao na hakuna aliyepanda ngazi kumwona.

Hilaire alikwenda kila siku. Alisimama nyuma, karibu na mlango, koti limefungwa mpaka juu kuficha kovu. Siku ya mwisho bibi mmoja aliyevaa mavazi ya thamani, aliyekuwa amelia mbele ya mchoro wa mtoto aliyelala, alimgeukia.

"Inasemekana alitumia studio moja na mchoraji mwingine," alisema. "Maskini, sijui huyo mwingine ni nani. Wewe ulimfahamu marehemu?"

Apolline, aliyekuwa kando, alimwona mumewe akishika ukingo wa meza. Alikijua kilichokuwa kinampata, kile kijicho cha miaka tisa. Alikiona kinavyopanda, kinavyoyawasha masikio yake. Hakikuwa kimekwenda popote. Akangoja, bila kumgusa, aone mumewe atakifanya nini.

"Nilimfahamu," alisema Hilaire. "Njoo, bibi, kuna mwingine huku nyuma hawajautundika mahali pazuri. Ule ndio bora kuliko yote."

Akamtangulia kumwonyesha njia, uso umemwiva, akiminya vidole vyake mpaka vikawa vyeupe.